Nyumba Isiyo na Kofia

Wiki iliyopita dari la ofisini kwetu lililowa. Bodi ya jipsam juu ya meza ya mapokezi ilianza na doa dogo la rangi ya chai, doa likatanuka, kisha ikatoka ile harufu ambayo aliyewahi kuinusa hawezi kuifananisha na nyingine: chaki, vumbi, na tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Wenzangu walikimbia kuokoa kompyuta. Mimi nilibaki nimesimama na faili mkononi, nacheka peke yangu, mpaka bosi akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa kwetu Rwamishenye, Bukoba, nina miaka tisa, nimevaa sketi ya shule siku ya Jumamosi kwa sababu nyingine zote hazijakauka, na namtazama bibi yangu akipangusa tone la maji begani.

Waliokulia Bukoba hawahitaji kuelezwa habari ya nguo zisizokauka. Mvua ya kwetu haina likizo. Inanyesha asubuhi ukielekea shule, inapumzika kidogo, inakusubiri mchana. Kwa hiyo mtu wa Bukoba akijenga nyumba, jambo la kwanza watu wanalotazama ni paa, na jambo la kwanza wanalosema vibaya pia ni paa. Baba yangu alilijua hilo vizuri, na bado alifanya alichofanya.

Baba alikuwa mwalimu wa sekondari. Alikwenda semina Mwanza wiki moja, akarudi na picha ya nyumba kwenye simu yake, na kuanzia siku hiyo hatukulala kwa amani. Ilikuwa nyumba ya kuficha bati. Sasa ziko kila mtaa: kuta zimepandishwa juu kupita paa, bati limelala ndani kwa mteremko mdogo, na ukisimama barabarani unaona kama sanduku jeupe lenye madirisha. Maji hayadondoki ukingoni. Yanateremka kwenye gata la zege lililojificha nyuma ya ukuta, yanaingia kwenye bomba lililopitishwa ndani ya ukuta, yanatokea chini nyuma ya nyumba kama mtu aliyepita mlango wa uani. Wakati ule mtaani kwetu haikuwepo hata moja.

Aliyepewa kazi ni Baba mdogo Deo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Deo alikuwa fundi mzuri, ameezeka nyumba nyingi mtaa wa Hamugembe, lakini zote zilikuwa na paa la kawaida lenye mabega. Hakuwahi kulificha paa maishani mwake. Hilo hakulisema kwa mtu. Alikodoa macho kwenye ile picha ya simu, akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Hii? Hii ndogo."

Majirani walifurahi sana. Mmoja aliyekuwa na duka mbele yetu alimsimamisha baba akiuliza kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, bati ziliisha?" Mwingine akasema nyumba imenyolewa upara. Mimi neno "kuficha" lilinisumbua kwa namna nyingine. Nilimfuata Deo kwenye kifusi nikamuuliza, "Baba mdogo, paa tunamficha nani?"

"Mvua," akajibu bila hata kutabasamu. "Ikipita juu ikitazama chini haioni bati. Inadhani hapa ni kiwanja kitupu. Inaendelea na safari, inakwenda kunyesha Hamugembe."

Niliamini. Niliamini kiasi kwamba nilimwonea huruma rafiki yangu aliyekuwa anakaa Hamugembe, nikampa mwavuli wangu wa zamani bila kumweleza sababu.

Tukahamia. Nyumba ilikuwa nzuri, inanukia rangi, na ilikuwa kimya kupita kiasi. Mama alikuwa muuguzi, zamu zake hazieleweki. Baba alikuwa na masomo ya ziada mpaka jioni. Mimi nilikuwa mtoto pekee. Nilivaa ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu, nikitoka shule ninafungua, ninafunga, ninakula wali wa baridi nikisimama jikoni, ninawasha redio ili pawe na mtu anaongea. Sikuwahi kumwambia yeyote kwamba niliogopa. Watoto tunadhani wakubwa wanajua tu.

Kisha akaja Bibi.

Bibi, mama yake baba, aliishi Kagoma, Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoolewa akiwa msichana. Babu alikuwa ameshafariki. Nyumba yake ilikuwa na bati zenye umri kumshinda baba, zimetoboka matundu mengi, na Bibi aliyajua yote, kila moja na sufuria yake. Likizo nilipokuwa naye, mvua ikianza tulikuwa tunagawana kazi: yeye sebuleni, mimi chumbani. Nje, pale maji ya ukingo wa paa yalipodondoka, ardhi ilikuwa na mstari wa vishimo vilivyolingana kama mtu amevipima, na Bibi alipanga hapo mabeseni, ndoo na chungu kimoja kilichopasuka mdomo. Kila chombo kilikuwa na sauti yake. Nililala nikizisikiliza, na nilijua kwa sauti tu kipi kimejaa.

Lakini ule unyevu ulimwingia kifuani. Mwaka ule alilazwa na kikohozi karibu wiki mbili, na baba akaapa kwamba mama yake hatarudi kwenye ile nyumba. Akamleta Rwamishenye moja kwa moja kutoka hospitali. Bibi alishuka kwenye gari, akasimama uani na kifurushi chake kilichofungwa ndani ya mkeka, akainua shingo.

"Sasa hii nyumba kofia yake iko wapi?"

"Mama, paa lipo. Limefichwa. Ni mtindo wa kisasa."

"Ee, nshomile." Hivyo ndivyo tunavyomwita msomi anayejisikia, na Bibi alilitamka kwa upendo na kwa kuchoma, vyote pamoja. "Mvua ikija, mpita njia atajikinga wapi? Na maji ya kufulia nitakinga wapi?"

"Yanatoka nyuma ya jiko, kwenye bomba. Yote. Safi."

Bibi akaizunguka nyumba polepole akiigonga kwa vifundo vya vidole, kisha akarudi mbele akatoa hukumu. "Nitakaa. Lakini sikiliza, mwana wange. Siku tone la mvua litakaponiangukia ndani ya sanduku lako hili, nachukua kifurushi changu narudi Kagoma. Na asinifuate mtu, wala gari, wala daktari."

Baba alicheka. "Halitaanguka, mama. Deo ameziba kila mahali."

Deo hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Bibi alilala chumbani kwangu, kitanda kimoja nami, na kile kifurushi hakukifungua. Alikiweka nyuma ya mlango. Asubuhi alitoa anachohitaji kwa kupenyeza mkono, akafunga tena. Lakini kila kitu kingine alikifungua. Aliwasha moto nje, kwa sababu jiko la gesi aliliona linapika kwa haraka bila heshima. Nikitoka shule nilikuta moshi, nilikuta ndizi zimefunikwa kwa majani zinatoa mvuke, maharage yana kitunguu, na mtu anayeuliza, "Leo mwalimu kamchapa nani?" Ufunguo niliuvua nikautupa kwenye droo. Nilinenepa. Nilianza kuimba shuleni.

Ndiyo maana mvua ilinitesa. Kila ilipoanza kunyesha nilikwenda kwenye ukuta wa jikoni, pale bomba lilipopita ndani, nikaweka sikio. Nilisikia maji yakishuka, gulugulu, kama mtu mwenye kiu anakunywa. Kwanza nilimkasirikia Deo, maana ilikuwa dhahiri mvua imetuona. Kisha nikaona afadhali, mradi nyumba inameza. Nilimwomba Mungu iendelee kumeza. Sala yangu ya usiku wakati ule ilikuwa fupi: baba, mama, na gata.

Ikaja Novemba, na Novemba Bukoba ina kazi yake moja. Senene. Siwezi kumweleza mtu wa mbali akaelewa. Wale panzi wa kijani wanashuka na mvua kwa maelfu, wanafuata mwanga, na mji mzima unapoteza adabu. Watu wanasimamisha mabati na taa kali ili senene wagonge bati wateleze mpaka kwenye pipa. Walimu wanachelewa darasani na hakuna anayeuliza. Kwetu baba alikuwa ameweka taa kubwa ya ulinzi juu ya ukuta mweupe wa mbele, kwa ajili ya wezi, na jioni ya kwanza ya msimu tukagundua tumejenga mtego bila kujua. Senene walipiga ule ukuta kama mtu anatupa mahindi. Tuliowaokota chini walijaza ndoo nzima. Wengine wengi waliangukia juu, upande wa ndani wa ukuta, tusikokuona.

Mama aliwanyonyoa mabawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu. Tulikula wote isipokuwa Bibi. Kwa wazee wetu wa zamani senene walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke aliwaokota, aliwanyonyoa, aliwakaanga, akamwekea mume wake sahani, akakaa pembeni. Mama akambembeleza, "Mama, siku hizi tunakula wote, waitu, onja." Bibi akasukuma bakuli upande wa baba. "Hiyo ni ya kwenu. Mimi mdomo wangu haujazoea." Hakuna aliyemsihi mara ya pili. Ila nilipokuwa natafuna niliona ananitazama mdomoni, hapepesi macho, nikadhani amechukizwa na msichana mwenye ulafi. Nikapunguza kutafuna kwa sauti.

Siku kadhaa baadaye, Ijumaa jioni, nilikwenda nyuma ya jiko kutupa maganda nikamkuta Bibi amechutama kwenye mdomo wa lile bomba. Alikuwa amesokota majani makavu ya mgomba, amekaza, na anausukuma msokoto ule ndani kama anavyoziba dumu la rubisi, ile pombe ya ndizi. Akafunga juu yake kamba ya mgomba, raundi tatu, fundo, fundo jingine. Kisha akaegemeza kuni zake mbele, bomba halionekani.

"Bibi, unafanya nini?"

Alishtuka. Sikuwahi kumwona Bibi akishtuka. "Panya," akasema. "Wanapanda humu. Usimwambie baba yako, atasema naharibu nyumba yake ya picha."

Niliahidi. Panya niliwaogopa, na siri na Bibi ilikuwa heshima kubwa.

Mvua iliyoanza alfajiri ya Jumamosi ilikuwa ya kwetu hasa, ya kusimama. Tulipokaa mezani asubuhi kunywa chai, nilinusa chaki. Nikainua macho nikaona doa juu ya jipsam, ukubwa wa sahani. Sikusema kitu. Nilidhani nisiposema halitaendelea. Doa likawa sinia. Katikati yake kikaning'inia kitone, kikanenepa bila haraka, kikaachia, kikampiga Bibi begani.

Redio iliendelea kuongea peke yake. Mama alishika birika hewani. Baba alimtazama mama yake, mama yake akatazama bega, akalipangusa kwa ncha ya khanga.

"Si kitu," baba akasema haraka. "Mama, hiyo si kitu, ni unyevu wa—"

La pili likaingia kwenye kikombe chake cha chai.

Bibi akasukuma kikombe pembeni. Akasema, bila furaha ya mtu aliyeshinda, "Neno nililolisema mnalijua. Gari la Muleba la mchana litanitosha." Akainuka kwenda mlango wa nyuma.

"Kaa ndani, mama, usilowe, kifua hicho!" Baba akamshika mkono akamrudisha kwenye kiti.

Deo aliitwa, akaja na ngazi begani, amelowa, hajapiga mswaki. Alipanda, akachungulia, akapiga kelele kutoka juu. Gata lilikuwa limejaa mpaka kwenye ukingo, maji yamesimama kama kwenye hori la ng'ombe, yanaingia chini ya bati yanamwagika darini. Kule chini halitoki hata tone. Akachukua chuma kirefu akachokoa bomba kutoka juu, kikaingia, kikagota.

"Limeziba ndani ya ukuta," akasema aliposhuka, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Labda ni zege lilidondokea humo tukijenga."

"Labda?" Baba alikuwa amevaa koti la mvua juu ya pajama. "Unajua mama anaondoka kwa ajili ya labda yako?"

"Kaka, nilikuambia tuache tundu ubavuni mwa ukuta. Bomba likiziba, maji yatoke kwa nje yasiingie ndani. Nilikuambia."

"Uliniambia?"

"Ukasema litaonekana kama pua."

Hata mimi nilikumbuka hiyo pua. Baba akasema ukuta uvunjwe. Deo akaenda kuchukua nyundo na tindo.

Wakati huo wote Bibi alikuwa hatulii. Mara ya pili alielekea mlango wa nyuma, akisema anakwenda kutazama kuni. Mama akamrudisha. Mara ya tatu akasema amesahau beseni. Baba akamrudisha, akamfunika blanketi. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido, na ndipo lile jambo liliponijia kichwani likakaa. Hakukuwa na panya. Panya hawapandi bomba la mvua kwenye nyumba yenye miezi minne tu. Bibi alikuwa ameziba ili nyumba ivuje. Alitaka tone lake. Alitaka kurudi Kagoma, na sasa anahangaika kwenda kuhakikisha fundo halijalegea.

Sijui kama nimewahi kuumia vile tena, na nimeshaachwa na wanaume wawili. Zile ndizi, yale maswali ya "kamchapa nani", kumbe alikuwa anahesabu siku. Nilimfuata chumbani alikokwenda kuchukua kifurushi.

"Bibi, kwetu umechoka?"

"Nani amekuambia?"

"Hutupendi."

Macho yake yalikimbilia dirishani, kuelekea nyuma ya jiko. Ningekuwa mkubwa ningeona ni macho ya mtu mwenye aibu. Nilikuwa na miaka tisa, nikaona ni macho ya mtu aliyekamatwa.

Nyundo ikalia kwenye ukuta wa jikoni. Plasta ikadondoka, ile rangi mpya ikapasuka. Nilitoka mbio nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Msivunje! Ni Bibi! Bibi ndiye aliyeziba! Ameziba kwa majani, nilimwona!"

Deo alibakia na nyundo juu. Baba aligeuka. Sitausahau uso wa Bibi alipotokea nyuma yangu. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu aliyesimamishwa kanisani akiwa amevaa kandambili.

Tukatoka wote nyuma, kwenye manyunyu. Deo akasogeza kuni, akauona msokoto. Akamtazama baba, baba akamtazama Bibi, Bibi akatazama migomba ya jirani. Deo akachomoa kisu akakata kamba.

Yale maji hayakutoka, yalirushwa. Msokoto ulimpita Deo kifuani, na nyuma yake likafuata gulio zima: maji meusi, majani, na senene. Senene walimwagika kama mtu amegeuza debe, wa kijani, wa kahawia, mamia, mafungu kwa mafungu, wakalundikana kwenye viatu vya baba, wakamganda Deo shingoni. Wote waliokuwa wakiangukia upande wa ndani wa ukuta, usiku wote, walikuwa wameteleza kwenye gata na kushuka bomba mpaka kwenye majani ya Bibi, wakapangana humo. Hata chuma cha Deo kilikuwa kimegota juu yao. Kule ndani tulisikia nyumba ikimeza kwa nguvu.

Maji yakabaki yanachuruzika tu.

"Mama," baba akasema taratibu. "Ulikuwa unamtegea nani senene? Sisi tunao. Wewe huli."

Bibi akavuta khanga akajifunika mdomo. "Wiki iliyopita nilikuja kukinga maji," akasema, "nikamkuta mmoja ametoka humu. Mmoja tu. Hakukuwa na mtu." Akaikaza khanga. "Nikamchoma kwenye kaa la moto, nikamla. Jana nikasema nizibe usiku, alfajiri nizibue kabla hamjaamka, nipate wangu kidogo. Leo mvua ikaniwahi. Na ninyi mkanifunika blanketi."

"Kwa nini hukusema tu, mama?" Mama yangu aliuliza. "Tungekupa sahani."

"Niseme nini? Mwanamke mzima, nywele nyeupe, niseme nataka senene?"

Na angeondoka kweli. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Angepanda gari la mchana, angerudi kwenye matundu yake na kikohozi chake, angemwacha Deo na jina baya na mimi peke yangu, kuliko kusema maneno yale mawili mbele ya wanawe.

Baba hakucheka. Nilimsubiri acheke, kwa sababu Deo alikuwa ameanza, mabega yanamtikisika. Baba alisimama na senene kwenye viatu, anaitazama mikono ya mama yake. Alikuwa amelelewa na yule mwanamke, kila Novemba ya utoto wake alikula sahani iliyotoka mikononi mwake, na sidhani kama kabla ya asubuhi ile aliwahi kujiuliza anayenyonyoa anakula nini. Akachutama. Akaanza kuwaokota, mmoja mmoja, akiwaweka kwenye kofia ya koti lake la mvua.

"Leteni beseni," akasema.

"Wamelowa," Mama akamwambia.

"Bora," Deo akasema akijitoa mmoja shingoni. "Wameshaoga."

Baba aliwanyonyoa mwenyewe, kwenye ngazi ya jikoni, vibaya, akiacha nusu ya miguu, na Bibi hakuweza kuvumilia akamwambia kama mtoto mdogo, "Siyo hivyo, tata, unamvuta kutoka nyuma." Lakini alipotaka kumpokea ile kazi, baba alikataa. Alikaanga mwenyewe. Aliunguza kitunguu. Nilikwenda kukaa karibu na Bibi, si karibu sana, nikamwomba anisamehe. Akanivuta akanifunika blanketi lile lile, akasema, "Ungeniacha niende?" Nikasema hapana. "Basi," akasema.

Baba akaleta sahani, akaiweka mbele ya mama yake peke yake. Tulimtazama wote, na yeye akatukazia macho mpaka tukatazama pembeni, kila mtu akajifanya anasikiliza dari. Nilichungulia. Alichukua mmoja, akamtazama, akamweka mdomoni, akatafuna. Akachukua wa pili. Juu yetu jipsam ilikuwa imevimba na bado inadondosha, kila nusu dakika tone moja, kwenye sufuria aliyoiweka Mama.

Baba alivumilia alivyoweza, kisha akauliza kile tulichokuwa tunaogopa kukiuliza. "Mama. Tone limekuangukia. Mawili. Kuhusu Kagoma unasemaje?"

Bibi alimaliza kutafuna kwanza.

"Baba yako," akasema, "tangu siku ya kuolewa mpaka tunamzika, aliniambia senene ni wachungu."

Kisha akaivuta sahani karibu yake, akaniuliza ile taa ya nje huwa inawashwa saa ngapi.